Hekalu la Isis la Philae

Hekalu la Isis la Philae ni hekalu la Misri ya Kale lililojengwa kwenye kisiwa kidogo cha mto Naili, kusini mwa mji wa Aswan, karibu na mpaka wa kale kati ya Misri na Nubia. Lilikuwa hekalu la mwisho mashuhuri la dini ya Wamisri wa Kale kuendelea na ibada zake. Lilifungwa kwa amri ya Kaisari Justinian I kati ya miaka 535 na 537 BK, zaidi ya miaka 140 baada ya Dola la Roma kupiga marufuku ibada za miungu. Hapo ndipo yalipochongwa maandishi ya mwisho ya hieroglifi yanayojulikana yenye tarehe. Katika miaka ya 1970 majengo yalibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kwenye kisiwa jirani cha Agilkia, ambako yanaonekana leo.

Mara nyingi habari za hekalu hili husimuliwa kama habari za Wamisri, Wagiriki na Waroma peke yao. Lakini mtu akitaka kuelewa kwa nini Philae ilidumu wakati mahekalu makubwa ya Karnak na Memfisi yalikuwa yamekwisha kunyamaza, hana budi kutazama kusini, kwa watu wa Nubia. Wao walimwabudu Isis pamoja na Wamisri, walimletea dhahabu, na kwa muda mrefu watawala wa Roma waliogopa kuwaudhi.

Jina na mahali

Wamisri wa Kale walikiita kisiwa hiki Pilak, na Wagiriki wakalitamka jina hilo Philai. Umbo la Philae ni la Kilatini. Waarabu wa Misri wamekiita Anas al-Wujud, kwa jina la kijana katika hadithi za Alfu Lela u Lela aliyemtafuta mpenzi wake aliyefungiwa ndani ya ngome katikati ya maji.

Kisiwa chenyewe hakikufika nusu kilomita kwa urefu. Kilikuwa upande wa juu wa Maporomoko ya Kwanza, mahali ambapo Naili hupasuliwa na miamba ya itale na vyombo haviwezi kupita kwa urahisi. Msomaji akumbuke kwamba Naili hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo kwenda kusini ni kupanda mto, na ile inayoitwa Misri ya Juu iko chini kwenye ramani. Wanafunzi wengi hukosea hapo. Maporomoko hayo yalikuwa mlango wa nchi: aliyetoka Nubia na dhahabu, pembe za ndovu au ngozi za chui alifika hapo kwanza, na askari waliotoka Misri kwenda kusini walipita hapo mwisho.

Masimulizi ya Isis na Osiris

Osiris alikuwa mfalme mwema aliyewafundisha watu kilimo na sheria. Ndugu yake Seth alimwonea wivu, akamuua. Kadiri ya masimulizi yaliyoandikwa na Plutarko, Seth alitengeneza sanduku zuri lililolingana na kimo cha Osiris, akaahidi katika karamu kumpa yeyote atakayeenea ndani yake. Osiris alipojilaza, kifuniko kikapigiliwa misumari na sanduku likatupwa mtoni. Isis, aliyekuwa dada na mke wa Osiris, aliutafuta mwili hadi akaupata. Seth akauiba tena, akaukata vipande 14 na kuvitawanya nchi nzima. Isis hakukata tamaa. Alizunguka kwa mashua ya mafunjo akikusanya kipande kimoja kimoja, akisaidiwa na dada yake Nephthys. Anubis akauhifadhi mwili kwa vitambaa, na Isis kwa uganga wake akamrudishia mumewe uhai kwa muda wa kutosha kupata mimba ya Horus. Mtoto huyo alilelewa kwa siri katika vichaka vya mafunjo, akakua, akamshinda Seth na kurithi kiti cha baba yake. Osiris akawa mfalme wa wafu.

Masimulizi haya yalijulikana Misri yote, na miji mingi ilidai kuwa na kipande cha mwili wa Osiris. Katika sehemu ya Maporomoko ya Kwanza ilisemwa kwamba ulihifadhiwa mguu wake wa kushoto, si kwenye kisiwa cha Philae bali ng'ambo kidogo, kwenye kisiwa cha Bigga. Kwa hiyo mambo yalipangwa kama katika familia yenye msiba usiokwisha: mume amelala Bigga, mke anakaa Philae akimtazama. Kila baada ya siku kumi sanamu ya Isis ilitolewa hekaluni, ikapandishwa mashua na kuvushwa kwenda kummiminia mumewe maziwa.

Bigga ilikuwa na miiko mikali. Wagiriki walipaita Abaton, maana yake mahali pasipokanyagwa. Amri iliyochongwa kwenye Lango la Hadrian inaeleza kwamba meza za matambiko zilikuwa 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Kwamba maziwa yasikosekane. Kwamba pasipigwe ngoma, kinubi wala zumari. Kwamba mtu wa kawaida asikanyage, wala ndege na samaki wa karibu wasiwindwe. Hata sauti ya juu ilikatazwa. (Msomaji wa Kiswahili atasikia jina la Nubia ndani ya neno kinubi.)

Pango la Naili

Kwenye lango hilohilo kuna picha ya kuchonga ambayo inatuhusu sisi tunaokaa kwenye maji ya juu ya mto huu. Inaonyesha mwamba wa Bigga, na kileleni wamekaa tai na kipanga. Chini ya mwamba kuna pango lililozungukwa na mwili wa nyoka, na ndani yake amechuchumaa Hapi, mungu wa mafuriko ya Naili, akimimina maji kutoka vyombo viwili. Kwa imani ya makuhani, mafuriko yaliyoipa Misri uhai yalitoka hapo, chini ya miamba ya maporomoko, na pia yalihusishwa na maji ya mwili wa Osiris.

Isidhaniwe kwamba Wamisri hawakujua kuwa mto unatoka mbali zaidi. Majeshi na wafanyabiashara wao walikuwa wamepanda Naili hadi ndani ya Sudan ya leo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Picha ya pango haikuwa ramani. Ilikuwa maelezo ya nani anayetoa maji na kwa nini yanarudi kila mwaka. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya mafuriko ililetwa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia kupitia Naili ya Buluu, na kwamba Naili Nyeupe hutoka katika Ziwa Viktoria.

Mungu wa kike aliyerudi kutoka kusini

Masimulizi mengine yanahusu binti wa mungu jua Ra, aitwaye Hathor au Tefnut. Alikosana na baba yake, akaenda zake Nubia akiwa na umbo la simba jike mwenye hasira. Bila yeye Ra alikosa ulinzi. Akatumwa Thoth, mungu wa hekima, ambaye hakutumia nguvu bali maneno matamu na hadithi, mpaka binti akakubali kurudi. Alipofika kwenye maporomoko hasira zake zilitulizwa kwa maji, muziki na kinywaji.

Hekalu dogo la Hathor lililoanzishwa Philae na Ptolemaio VI linakumbuka siku hiyo ya mapokezi. Nguzo zake zina picha za furaha ambazo hazipatikani mahali pengi: Bes, mungu mfupi mnene, anapiga kinubi na tari, na nyani naye ameshika ala ya nyuzi. Kwa hiyo vinubi vilivyokatazwa Bigga vilikuwa halali hatua chache tu ng'ambo. Hata mungu Arensnuphis, aliyekuwa na hekalu lake Philae, jina lake lilieleweka kuwa ni Mwenzi Mwema, yaani yule aliyemsindikiza mungu huyo njiani. Arensnuphis alikuwa mungu wa Nubia.

Wajenzi

Philae si mahali pa zamani sana kwa vipimo vya Misri. Mawe ya kwanza yenye jina la mfalme ni ya Taharqa, farao aliyetoka Kush na kutawala Misri yote katika karne ya 7 KK. Baadaye Amasis alijenga hekalu dogo la Isis, na Nektanebo I (karne ya 4 KK) akaacha lango na ukumbi wa nguzo ambao bado upo. Hekalu kubwa linaloonekana leo lilianzishwa na Ptolemaio II (alitawala 285–246 KK), na warithi wake wakaongeza. Waptolemaio walikuwa Wamakedonia kwa asili lakini walijichora ukutani kama mafarao. Kwenye minara miwili ya lango la kwanza, yenye kimo cha mita 18 hivi, Ptolemaio XII anaonekana amewashika maadui kwa nywele na kuinua rungu, kama walivyofanya wafalme wa Misri kwa miaka elfu tatu kabla yake. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kushinda vita yoyote ya namna hiyo.

Kati ya lango la kwanza na la pili kuna nyumba ya kuzaliwa, ambamo kuzaliwa kwa Horus kulikumbukwa, na nyuma ya lango la pili ndimo ulimo ukumbi wa nguzo na chumba cha ndani cha Isis. Upande wa mashariki Kaisari Traian alijenga banda la nguzo 14 lisilo na paa, ambalo wasafiri walilitania kwa jina la Kitanda cha Farao.

Hekalu la Arensnuphis lina jambo la pekee. Lilijengwa na Ptolemaio IV, na Arqamani, mfalme wa Meroe, naye alilifanyia kazi. Wafalme wa nchi mbili waliweka majina yao kwenye jengo moja.

Malalamiko ya makuhani

Hekalu lilikuwa tajiri. Mwaka 157 KK Ptolemaio VI alithibitisha kwamba Isis alimiliki mapato ya eneo la Nubia ya chini lenye urefu wa kilomita 120 hivi. Tangazo hilo limechongwa kwenye mwamba wa itale mbele ya lango la pili. Utajiri ulivuta wageni. Miaka 40 hivi baadaye makuhani walimwandikia Ptolemaio VIII wakilalamika kwamba maofisa, makamanda na askari wote wanaopita Philae hukaa kwa gharama ya hekalu, hata sadaka za miungu zinapungua. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makuhani hawakuwa na uwezo wa kumpa kamanda jembe. Mfalme aliwakubalia, na wao wakaomba ruhusa ya kuchonga jibu lake kwenye jiwe ili lisisahaulike.

Jiwe hilo lilipata umaarufu wasioutazamia. Mwingereza William John Bankes aliliona mwaka 1815 pamoja na nguzo ya mnara wake, na baadaye vyote vikapelekwa Kingston Lacy, Uingereza, ambako vipo mpaka leo. Chini kulikuwa na Kigiriki na juu hieroglifi, na yalikuwemo majina ya Ptolemaio na Kleopatra. Mfaransa Champollion alikwisha kulijua jina la Ptolemaio kutoka jiwe la Rosetta. Alipolinganisha na jina la Kleopatra aliona kwamba alama za p, o na l zimekaa palepale zilipotakiwa kukaa. Huo ulikuwa msaada mkubwa katika ugunduzi wake wa mwaka 1822, ulioziwezesha hieroglifi kusomwa tena.

Mpaka na watu wa kusini

Waroma waliitwaa Misri mwaka 30 KK. Miaka michache baadaye majeshi ya Meroe, chini ya malkia aliyeitwa kwa cheo cha Kandake, yaliteka Aswan na Philae na kuchukua sanamu za Kaisari Augustus. Kichwa cha sanamu moja kilifukuliwa Meroe mwaka 1910, kimezikwa mbele ya mlango ili wapitao wakikanyage. Vita iliishia kwa mapatano, na baada ya hapo Philae ikawa mahali pa kukutania.

Mahujaji wa Nubia waliacha maandishi mengi kwenye kuta. Mojawapo, la mwaka 253 BK, liliandikwa na Sasan, balozi wa mfalme Teqorideamani wa Meroe, anayeeleza jinsi alivyotumwa na dhahabu kwa ajili ya hekalu na jinsi alivyoshiriki sherehe pamoja na wenyeji. Wakati huo dola la Roma lilikuwa katika misukosuko, na fedha za serikali kwa mahekalu ya Misri zilikuwa zikikauka. Karnak haikuwa na mfalme jirani wa kuitumia dhahabu. Philae ilikuwa naye.

Mwaka 298 Kaisari Diokletian aliurudisha mpaka nyuma hadi eneo la Philae, akakubali kuwalipa Wanobadi na Wablemmye, watu wa Nubia na wa jangwa la mashariki, ili wasishambulie. Kuanzia hapo hekalu lilikuwa ukingoni kabisa mwa dola, na waabuduo wake wengi walikuwa nje ya mamlaka ya Kaisari.

Maandishi ya mwisho

Theodosius I alikataza ibada za miungu mnamo 391–392. Tarehe 24 Agosti 394, kuhani Nesmeterakhem alichonga picha ya mungu Mandulis karibu na Lango la Hadrian na kuandika pembeni kwa hieroglifi. Mandulis naye alikuwa mungu wa Nubia. Kwa mwandiko wa kawaida, uitwao demotiki, kuhani aliongeza kwamba ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Osiris, mwaka wa 110, akihesabu tangu Diokletian aanze kutawala. Hesabu hiyohiyo hutumiwa na Wakristo Wakopti, ambao huiita miaka ya Mashahidi.

Hakuna hieroglifi zenye tarehe ya baadaye zilizopatikana. Demotiki iliendelea kidogo, hadi Desemba 452, nayo ikaishia hapohapo Philae. Kufikia wakati huo elimu ya maandishi haya inaonekana ilibaki mikononi mwa familia chache za makuhani, baba akimfundisha mwana. Mimi niliyefundisha kwa miaka mingi siwezi kupita hapo haraka. Mwandiko uliokuwa na umri wa zaidi ya miaka 3,000 ulifika mahali ambapo darasa lake lote lingeweza kukaa kwenye mkeka mmoja.

Mnamo 452–453 jemadari Maximinus aliwashinda Wablemmye na Wanobadi, akafanya nao amani. Walidai sharti moja: waruhusiwe kwenda Philae kila mwaka kama desturi, na kuiazima sanamu ya Isis waipeleke kwao kisha wairudishe. Jemadari wa dola la Kikristo akakubali.

Wakristo na kufungwa kwa hekalu

Wakati huo Wakristo walikuwa wameshafika kisiwani. Philae ilikuwa na askofu tangu karne ya 4. Masimulizi ya Kikopti yanasema askofu wa kwanza, Macedonius, aliingia hekaluni kwa hila akidai anataka kutoa sadaka, akamkata kichwa kipanga mtakatifu aliyefugwa humo na kumtupa motoni. Wana wa kuhani walikimbia, lakini baadaye wakawa Wakristo, na wakamrithi Macedonius kama maaskofu. Hii ni hadithi ya kujenga imani na isichukuliwe neno kwa neno. Ila kipanga huyo alikuwapo, maana Strabo aliyetembelea Philae karne tatu na zaidi kabla alieleza kwamba ndege wa namna hiyo aliletwa kutoka kusini. Kwa muda mrefu, basi, kanisa na hekalu vilikaa kwenye kisiwa kimoja ambacho mtu hukizunguka kwa miguu bila kuchoka.

Kaisari Justinian alimtuma jemadari Narses, aliyewatia makuhani gerezani na kuzipeleka sanamu Konstantinopoli. Ndivyo anavyoandika Prokopio. Wanahistoria wengi wa siku hizi wanaona kwamba Narses hakukuta hekalu lenye umati, kwani maandishi ya mahujaji yanakoma miaka 80 hivi kabla yake. Tena miaka hiyohiyo wafalme wa Nubia walianza kupokea Ukristo. Amri ilitoka Konstantinopoli, lakini watu wa kusini waliposita kuja, hekalu lilikuwa limekwisha kupoteza tegemeo lake. Askofu Theodoro akaugeuza ukumbi wa nguzo kuwa kanisa la Mt. Stefano, na misalaba aliyochongesha bado ipo kwenye nguzo.

Maji na kuhamishwa

Mwaka 1902 Waingereza walimaliza Lambo la Aswan, kaskazini mwa kisiwa. Liliinuliwa tena katika 1907–1912 na 1929–1933. Kisiwa kikawa kinafunikwa sehemu kubwa ya mwaka, na watalii wakapita kwa mashua kati ya vichwa vya nguzo. Rangi zilizowashangaza wasafiri wa karne ya 19 zikafutika. Mwandishi Mfaransa Pierre Loti alitoa mwaka 1909 kitabu kizima alichokiita kifo cha Philae.

Vijiji vya Wanubia vilizama kwa maji hayohayo, mara tatu. Kila lambo lilipoinuliwa, watu walijenga juu zaidi. Lambo Kuu lilipoanza kujengwa mwaka 1960 hapakuwa tena na mahali pa kupanda, na mnamo 1963–1964 Wanubia wapatao 50,000 wa Misri walihamishiwa Kom Ombo, mbali na mto waliouzoea. UNESCO ilianzisha kampeni ya kimataifa ya kuokoa makumbusho ya Nubia mwaka 1960. Michango ya kuokoa mawe inasimuliwa zaidi kuliko habari za watu waliohama.

Philae ilibaki kati ya malambo mawili, maji yakipanda na kushuka kila siku. Kuanzia 1972 kisiwa kilizungushiwa safu mbili za mabamba ya chuma zilizojazwa mchanga katikati, maji yakavutwa nje, tope likaondolewa. Mawe takriban 40,000 yaliandikwa namba, yakahamishwa na kupangwa upya Agilkia, ambako mwamba ulikuwa umechongwa ufanane na umbo la Philae. Vipande vilivyobaki nje ya uzio vilitolewa na wapiga mbizi wa majeshi ya majini ya Misri na Uingereza. Hekalu lilifunguliwa tena tarehe 10 Machi 1980, likiwa limeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka uliotangulia pamoja na Abu Simbel.

Wageni hufika kwa mashua kutoka bandari ndogo ya Shellal, na wengi wa mabaharia ni Wanubia. Kisiwa cha asili kiko chini ya maji, umbali wa nusu kilomita hivi. Bigga ipo palepale ilipokuwa, ikionekana vizuri kutoka hekaluni, na usiku kelele za maonyesho ya taa na sauti yanayofanyika Agilkia huifikia.